Bondia akitundika glovu, aende wapi?

Wadau, Jumamosi nilikuwa sokoni Tengeru. Kijana mmoja mpakia ndizi akaniambia amepata pambano la ngumi za kulipwa mjini. Mkataba umeusoma? Akacheka. "Anao meneja, braza." Na huyo meneja hajawahi kupanda ulingoni hata siku moja!

Nikamkumbuka Emmanuel Mlundwa. Mwaka 1980 alipigana Olimpiki ya Moscow, uzito wa fly, michezo ile ile ambayo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walituletea medali za fedha. Baadaye akawa rais wa PST, moja ya vyombo vilivyosimamia ngumi za kulipwa nchini.

Naona njia ndiyo hiyo. Aliyekula ngumi anajua lini taulo lirushwe. Ila jamani, kujua kupigana siyo kujua mikataba. Bondia mstaafu ajifunze kwanza. Tena asiwe meneja na promota wa pambano moja: meneja anataka malipo ya bondia yapande, promota anataka yashuke. Hapo kijana atatetewa na nani?

Nilimwachia neno moja tu: dai nakala yako kabla ya kuvaa glovu.

Mnasemaje wadau?