Matata Bila Utata: Dhidi ya Ugumu Unaouzwa

Ipo rai iliyozoeleka katika taaluma yetu kwamba kazi ngumu, kwa ugumu wake tu, ni kazi bora. Rai hiyo tuliirithi kutoka malumbano ya ushairi, na sasa inarejea katika joho jipya miongoni mwa wale wanaotaka michezo ya video ihakikiwe sawa na fasihi. Hatuna ugomvi na azma yao. Tunachokipinga katika makala haya ni kigezo wanachokuja nacho.

Tuchukue mfano unaotugusa kwa lugha yenyewe. Mwaka 1994, Disney ilitoa filamu ya katuni, The Lion King, ambayo baadhi ya wahusika wake wanaitwa Simba, Rafiki na Pumbaa. Mwaka huohuo Westwood Studios ya Marekani iliunda mchezo wa video uliotokana na filamu hiyo, nao ukachezwa katika mashine za Super Nintendo na Sega. Mchezaji humwongoza mwanasimba akirukaruka kutoka jabali hadi jabali katika hatua kumi. Katika hatua ya pili tu, kima humrusha mmoja kwa mwingine mithili ya mpira; asipomngurumia kima anayestahili ili ageuke, hurejeshwa alikotoka. Hupanda mbuni anayekimbia, na kuchelewa kuruka kidogo tu humwangusha. Hakuna njia ya kuhifadhi mahali alipofikia: uhai na fursa zikimwishia, huanza upya.

Kuna wanaousifu ugumu huu kuwa ni ukali wa fani. Hata hivyo, chanzo chake kinajulikana. Louis Castle, mmoja wa waasisi wa Westwood, ameeleza hadharani kwamba Disney ilitaka mchezo uwe mgumu mapema, ili aliyeukodi dukani kwa siku chache asifike mbali, na hivyo ashawishike kuununua. Ukuta ule wa kima haukujengwa na mtunzi mwenye la kusema. Ulijengwa na mwenye duka anayelinda mauzo yake.

Tutaambiwa kwamba nia ya mtunzi si hoja ya uhakiki. Na iwe hivyo. Tuiache nia, tuutazame mchezo wenyewe. Mwanzoni ngurumo ya Simba ni sauti changa isiyomtisha adui mkubwa, na udhaifu huo unabeba maana: huyu ni mrithi ambaye bado hajastahili kiti. Hapo fani na maudhui vimeshikana, nasi hatuna budi kukiri. Lakini mbele ya kima, ngurumo ileile inageuka kuwa swichi ya kuelekeza njia. Haimwambii mchezaji lolote kuhusu Simba, ufalme wala woga. Aidha, toleo jipya la mwaka 2019 lilimpa mchezaji uwezo wa kurudisha wakati nyuma na kulifuta kosa lake. Ugumu ulipungua; je, maana ilipungua pia? Haikupungua hata chembe, kwa kuwa ugumu huo haukuwa umeibeba.

Yamkini mtetezi atauliza: je, Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi si ngumu? Ni ngumu mno. Lakini msomaji anayeurudia ukurasa wa Nagona huurudia akiwa na swali ambalo hakuwa nalo awali, ilhali mchezaji anayeirudia hatua ya pili huirudia akiwa na vidole vilevile, vilivyozoea zaidi. Riwaya ile haiwezi kuondolewa ugumu wake ikabaki riwaya ileile.

Mizani tunayoihitaji tunayo katika fasihi simulizi. Anayetegewa kitendawili akashindwa hutoa mji, na papo hapo hupewa jibu. Mji wenyewe ni wa maneno tu. Hakuna aliyewahi kufilisika kwa kutojua kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai. Jibu likishatajwa, yai halionekani tena kama lilivyoonekana jana. Kitendawili humzuia mtu ili amfikishe. Mchezo huu humzuia ili alipe, na akishalipa humpa ukuta uleule.

Kejeli kubwa imo katika hatua ya sita, iitwayo Hakuna Matata. Humo Simba hupanda maporomoko ya maji kwa kurukia magogo yanayoanguka chini yake, na matata hayahesabiki. Mtu angeweza kuisoma kuwa ni kinaya cha makusudi. Lakini kinaya huhitaji maneno yenye uzito, yakanushwe na tendo. Hapa maneno yetu yamegeuzwa kibandiko cha mlangoni. Si ajabu kwamba mwaka 2003 Disney iliyasajili Marekani kuwa alama ya biashara. Kiswahili hutofautisha matata, yaani mafundo yanayomkwamisha mtu, na utata, yaani hali ya jambo moja kubeba maana zaidi ya moja. Mchezo huu umejaa matata, utata hauna.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mhakiki anayeusifu ugumu wowote huwafunza wanafunzi wake mambo mawili mabaya: kwamba asiyepita ukutani mwenye kosa ni yeye, na kwamba mwandishi anayefunga milango bila kuwa na kitu ndani anastahili heshima. Kwa kigezo hicho tutamsamehe mfanyabiashara na kumkimbiza msomaji, kisha tushangae riwaya zetu nzito zinapokosa wasomaji. Michezo ya video na iingie katika uhakiki wetu, lakini ipitie mlango uleule ambao shairi na riwaya hupitia. Mlangoni hapo swali si kama kazi inatukwamisha, bali ni kitu gani tunachokijua baada ya kukwamuka ambacho hatukukijua kabla. Mchezo wa kima na mbuni haujalijibu.