Karibu Yenu Inaishia kwa Chai

Wasee, leo niseme kitu ambacho wengi wetu tunanong'onezana tu stejini tukingoja matatu: vikundi vya Biblia vya jioni parokiani vinakaribisha watu, lakini havikaribishi maswali.

Siwadharau wanaotupokea. Jumatano saa kumi na mbili na nusu jioni, ukifika kwa kikundi chetu umenyeshewa, kuna mtu atakutafutia kiti. Akina mama wanajua jina lako na wanakuuliza mamako anaendeleaje. Chai iko, mandazi yako, na tukimaliza usiku hauachwi utembee peke yako hadi steji. Nairobi hii, ambapo unaweza kuishi ploti moja na mtu miaka 3 na hujui anaitwa nani, hiyo si kitu kidogo.

Shida inaanza ukiinua mkono.

Mwezi uliopita tulikuwa tunasoma Ayubu. Msichana mmoja aliyefiwa na kakake mwaka huu akauliza: mwishoni Ayubu anapewa watoto wengine 10, sawa, lakini wale 10 wa kwanza waliokufa walikuwa wamekosa nini? Chumba kikanyamaza. Kiongozi akatabasamu: "Binti yangu, Mungu hahojiwi. Tuzidishe maombi." Tukaimba, tukanywa chai. Wiki iliyofuata hakuja, na mzee mmoja akasema vijana wa siku hizi hawana msimamo.

Hapo mimi sikubali hata kidogo.

Fungueni Ayubu 42. Waliokuwa na majibu tayari ni wale marafiki zake, na ndio Mungu aliwakasirikia. Ayubu, aliyelia na kulalamika na kutaka kusimama na Mungu kama mtu na mwenzake kortini, ndiye aliambiwa amesema yaliyo sawa. Ni kweli, Mungu alimjibu kwa ukali kutoka kwenye upepo. Lakini alijitokeza, akamjibu.

Halafu soma Yohana 3. Nikodemo alikuja usiku, kama sisi, akiwa na maswali ambayo wengine wangeyacheka: mtu mzima atarudije tumboni mwa mamake? Yesu alikaa naye akamweleza. Na Yesu aliposulubiwa, wengi wakiwa wamejificha, Nikodemo ndiye alileta manemane na udi wa kumzika. Muulizaji si adui wa imani.

Najua mtaniambia maswali yataleta fujo, imani za wengine zitatikisika, na tena kiongozi hajasomea theolojia. Hakuna aliyemuomba digrii. Angesema tu, "Hata mimi sijui, binti yangu, lakini pole, tukae na wewe," yule msichana angerudi. Na mkimnyamazisha, swali halifi. Analibeba hadi nyumbani, analiandika kwa simu saa sita usiku, na anajibiwa na nabii wa mtandaoni anayeuza mafuta ya upako na kumalizia mahubiri na namba ya paybill. Mnalalamika vijana wanafuata matapeli, na nyinyi ndio mmewafungulia mlango waende.

Ninachotaka si kikubwa. Kila Jumatano tengeni dakika 20 za maswali, kabla ya chai, si baada ya watu kushika mikoba. Kiongozi aruhusiwe kusema hajui. Na mtu akiuliza swali linalotoka kwa kidonda, wawili waende kumtembelea kabla wiki haijaisha. Wasiende kumrekebisha. Waende kumsikiliza.

Na wewe kijana unayesoma hii ukiwa umeshaamua hutarudi: rudi, lakini usirudi kunyamaza. Uliza kwa heshima, uliza tena. Kikundi ni chako pia.

Wazee wetu, kila mwaka mnauliza vijana wameenda wapi. Kabla ya kuuliza hivyo, jiulizeni walitoka na swali gani, na nani aliwajibu.