Tupime Betri Kwanza
Kompyuta mpakato mpya ikizimika baada ya saa 2, wenzangu husema upesi, "Betri mbovu!" Mimi sikubali. Betri ya wati-saa 50 yatosha kwa saa 5 mashine ikila wati 10. Ikila wati 25, ni saa 2 tu, wala betri haina kosa. Siku za kwanza Windows hupakua masasisho na kupanga faharasa ya mafaili, na kioo nacho huachwa kiwake kama karabai! Yafaa tupunguze mwanga, tungoje siku chache, kisha tuandike amri powercfg /batteryreport. Hapo twaona uwezo wa betri ulioandikwa kiwandani na uwezo wake wa leo. Ukiwa umepungua mno, mzazi na airudishe dukani kabla dhamana haijaisha, ripoti mkononi.