Akili, Ubongo na Kizimba cha Mahakama

Katika masomo ya mtandaoni ambamo wanafunzi hufundishana maadili ya sayansi ya ubongo na sheria, hatua ya kwanza huwa kujitambulisha. Wa Kitui hutaja sheria, mwenzake wa Makueni uuguzi. Anayesoma Kiswahili hujitaja kwa unyonge, kana kwamba amepotea njia. Hakupotea.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka wa 1930, humchukulia kila mtu kuwa na akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 12 humwondolea dhima ya jinai yule ambaye maradhi yaliyoathiri akili yake yalimfanya asielewe alilotenda, au asijue kuwa halikufaa kutendwa. Maneno ya sheria hiyo ni ya Kiingereza. Shahidi katika mahakama ya Kitui au Makueni aweza kusimulia kwa Kikamba, na mkalimani akafasiri. Iwapo kifafa, sonona, ulemavu wa akili na jeraha la ubongo vyote vitaitwa "wazimu", hakimu atasikia neno moja mahali pa hali nne, na uhuru wa mtu utakuwa hatarini.

Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 humpa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Haki hiyo haikamiliki pasipo istilahi. Basi mwanafunzi wa Kiswahili na ajitambulishe kwa fahari, kisha aketi na wenzake waziunde.