TUSIUE WALINZI WA VINYWA VYETU

Mwaka 2003 Mkoa wetu wa Ruvuma uliteuliwa kuwa wa kwanza nchini kujaribu mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu. Mpango ulifaulu, ukaenea Tanzania Bara. Leo mwananchi wa kijijini, na hata ndugu zetu wa visiwani, kuanzia Ukerewe hadi Mafia, ambao hospitali ya rufaa kwao i ng'ambo ya maji, hupata dawa karibu na nyumbani. Ni jambo la kujivunia.

Lakini neema isiyotunzwa hugeuka balaa. Mtu akiwashwa koo hukimbilia dukani, akanunua vidonge vinne vya antibiotiki pasipo cheti cha mganga. Akipata nafuu huviacha. Wengi hawajui wanachokiharibu.

Wataalamu wamekwisha tambua aina zaidi ya 700 za bakteria waishio vinywani mwa binadamu. Si wote maadui. Baadhi ya Streptococcus salivarius, wakaao juu ya ulimi, hutengeneza protini fupi, yaani peptidi, ziitwazo salivarisini. Hizo humzuia Streptococcus pyogenes, aletaye maradhi ya koo yawezayo kuuharibu moyo wa mtoto. Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, kimelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; nasi twaongeza kwamba hata kikulindacho ki kinywani mwako.

Hatusemi kila bakteria wa kinywani ni rafiki: Streptococcus mutans, aozeshaye meno, naye anazo peptidi zake za kuwaangamizia wapinzani. Wala hatusemi mgonjwa aache dawa aliyoandikiwa, aimalize. Tusemalo ni kwamba silaha ya mlinzi hulenga maadui wachache, ilhali antibiotiki nyingi humpiga mlinzi na mwizi pamoja, na mwizi anayesalimika hurudi akiwa sugu. Tena maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, ambavyo havidhuriwi na antibiotiki kamwe.

Kwa hiyo hapana budi wakaguzi wahakikishe kwamba antibiotiki haiuzwi bila cheti wala dozi haikatwi. Hapana budi pia Serikali iwape wataalamu wetu wa Muhimbili na Sokoine fedha za kuchunguza vinywa vya Watanzania wenyewe, tusingoje kuuziwa kesho kilichomo vinywani mwetu leo.

Ruvuma ilitangulia kulipokea duka. Sasa itangulie kulitumia kwa nidhamu.