Metali si meza tu

Kila inapotangazwa habari ya swichi za molekuli, ahadi huwa ni ileile: siku moja kompyuta zitakuwa ndogo kupita tunavyoweza kufikiria. Ahadi hiyo inavutia, lakini inaficha jambo lenye thamani zaidi. Molekuli zinazobadilika umbo kwa mwanga au joto zimetufunulia tabia ya metali zinazozibeba, na ufunuo huo peke yake unatosha kuhalalisha fedha na miaka iliyotumika kuzichunguza.

Chukua azobenzini, molekuli ambayo G. S. Hartley alionyesha mwaka 1937 kwamba mwanga unaweza kuikunja. Ikiwa imenyooka ina urefu wa takriban nanomita 0.9, ikipigwa na miali ya urujuanimno hujikunja hadi karibu nanomita 0.55, na mwanga wa buluu au joto huirudisha ilivyokuwa. Ndani ya kimiminika hayo yote hutokea kwa urahisi. Ikilazwa juu ya dhahabu, hukwama, kwa kuwa metali huipokonya nishati kabla haijapata nafasi ya kugeuka. Mwaka 2007 watafiti wa Berkeley, Marekani, walichunguza azobenzini iliyoongezewa vikundi vinne vya kaboni na hidrojeni, mithili ya miguu ya kuiinua kidogo kutoka kwenye dhahabu. Hapo ndipo mwanga ulipofaulu kuigeuza.

Kwa ushahidi huo peke yake, mtu angesema metali ni kikwazo cha kuepukwa. Watafiti wa Berlin waliochunguza molekuli hiyohiyo walikuta mambo tofauti. Dhahabu yenyewe hupokea mwanga. Elektroni zake huruka na kuacha mapengo, na pengo likihamia kwenye molekuli, molekuli hugeuka. Isitoshe, nishati ya joto inayohitajika kuirudisha katika umbo lake la awali ilishuka hadi kama robo ya ile inayohitajika ndani ya kimiminika. Kumbe dhahabu si meza tu ya kuwekea molekuli. Ni mshirika katika kila hatua, wa kuzuia na wa kuwezesha.

Wapo watakaouliza kwa nini tusiziache molekuli hizi kwenye kimiminika, zinakofanya kazi vizuri. Jibu ni kwamba swichi isiyogusana na kitu haiwezi kuunganishwa na saketi yoyote. Wengine watasema, na wana haki, kwamba majaribio haya hufanywa katika ombwe, mara nyingi kwenye baridi kali, na bado hayajaleta bidhaa dukani. Hoja hiyo ina uzito, ila inapima faida kwa kipimo kimoja tu. Maarifa nayo ni faida. Kwa mfano, mbolea inayolisha mabilioni ya watu hutokana na amonia inayoundwa juu ya uso wa chuma. Kichocheo chake kilipatikana mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kujaribu maelfu ya michanganyiko, bila kuelewa kinachotendeka pale juu. Maelezo yalikuja miongo mingi baadaye, kwa kazi ya Gerhard Ertl, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2007. Anayejua jinsi nishati inavyopita kati ya metali na molekuli hahitaji kupapasa gizani namna ile tena, na swichi za molekuli ni njia safi ya kulichunguza swali hilo, kwa sababu jibu lake huonekana wazi: molekuli imegeuka au haikugeuka.

Kwa hiyo wanaogawa fedha za utafiti, na sisi tunaoandika habari zake, tuache kuuliza kompyuta ya molekuli itauzwa lini. Tuulize jaribio limetufundisha nini kuhusu metali. Kwa kipimo hicho, swichi hizi zimekwisha kulipa gharama yake.