Mzee kutibiwa nyumbani si kuachiwa jamaa mzigo

Msomaji, ninataka tuzungumze juu ya wazee wetu wanaougua ghafla katika mitaa kama Shauri Moyo, Nairobi. Nilikulia huko, na haya ninayoyasema niliyaona kwa macho.

Miaka michache iliyopita jirani yetu, nyanya wa miaka 78, alishikwa na nimonia. Wanawe walimpeleka usiku kwa teksi hadi hospitali moja kubwa ya umma. Alikesha kwenye benchi, kisha akalazwa kitanda kimoja na mgonjwa mwingine. Siku ya tatu alikuwa akimwita mumewe aliyefariki zamani, wala hakumtambua bintiye. Siku ya sita aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na karatasi ya dawa na kidonda mgongoni. "Mtamwangalia huko," binti aliambiwa. Hakufunzwa namna ya kumgeuza kitandani, wala hakupewa nambari ya simu ya kuuliza lolote. Alifunga kibanda chake cha mitumba Gikomba kwa miezi miwili.

Je, huku ndiko kutibiwa nyumbani? La hasha. Huko ni kuachiwa mzigo.

Tiba ya hospitali nyumbani ni jambo jingine kabisa. Daktari humpima mzee kwanza, akahakikisha kwamba maradhi yake yanaweza kutibiwa nje ya wodi. Kisha muuguzi humfuata nyumbani kila siku, akamdunga sindano, akampima pumzi na shinikizo la damu, na daktari hupatikana kwa simu usiku na mchana. Huko Baltimore, Marekani, madaktari wa Johns Hopkins walianza kuujaribu mpango huu katika miaka ya 1990. Mwaka 2005 walitangaza matokeo ya wagonjwa 455 wazee, wenye nimonia, moyo uliodhoofika, maradhi sugu ya mapafu au maambukizi ya ngozi. Waliotibiwa nyumbani walichanganyikiwa akili kwa nadra zaidi, walipona kwa siku chache zaidi na gharama yao ikawa ndogo.

Utaniambia kwamba Shauri Moyo si Baltimore. Ni kweli. Familia nzima hulala chumba kimoja, choo kiko nje, na umeme ukikatika mashine ya oksijeni hunyamaza. Kwa hivyo sisemi kila mzee atibiwe nyumbani. Anayehitaji oksijeni mfululizo, au asiye na mtu wa kukaa naye, mahali pake ni wodini.

Hata hivyo, kazi hii si ngeni kwetu. Wakati Ukimwi ulipojaza wodi za Nairobi, Kanisa Katoliki lilianzisha mpango wa EDARP mwaka 1993 katika mitaa ya mashariki mwa jiji. Wahudumu wa kujitolea na wauguzi waliingia vyumba hivi hivi vidogo kuwatunza wagonjwa, na baadaye mpango huo ulifungua zahanati hata Shauri Moyo. Mwaka 2020 nao, Serikali ilitoa mwongozo wa kuwatunza nyumbani wagonjwa wa Covid-19 wasiozidiwa. Tuliweza wakati ule. Kwa nini tushindwe kwa ajili ya wazazi wetu?

Tangu Septemba 2023 tunao wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, waliopewa vifaa vya kupima sukari na shinikizo la damu. Hao ni macho ya mtaa, lakini si wauguzi. Wasiachiwe kazi ya sindano. Kaunti iajiri wauguzi wa kuzunguka mitaani pamoja nao. Nayo Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF mwezi Oktoba 2024, imlipie mzee siku ya tiba nyumbani kama inavyolipia siku ya kitanda. Bila fedha hizo, mpango utakuwa njia tu ya kupunguza msongamano wodini kwa jasho la mabinti.

Wakati tukingoja, msomaji, usikubali kumchukua mzee wako kabla ya kujibiwa maswali manne: Dawa hizi anywe vipi na hadi lini? Nani atakuja kumtazama, na siku gani? Nimpigie nani simu akizidiwa? Nimgeuze vipi asipate vidonda? Omba majibu yaandikwe.

Aidha, mrudishe hospitali mara moja akipumua kwa shida, akichanganyikiwa ghafla, akiumwa na kifua, akilegea upande mmoja wa mwili, au akikosa kukojoa siku nzima. Usisubiri kupambazuke, na usidanganyike kwamba ni uzee tu. Wazee wengi wenye nimonia hata homa hawana.

Yule nyanya alipona, lakini hakurudi tena kutembea hadi sokoni Burma kama zamani. Bintiye alimtunza kwa uwezo wake wote. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Binti yule alihitaji muuguzi mmoja wa kubisha mlango kila asubuhi. Sioni kwamba hilo ni kubwa mno kwa jiji kama hili.